Niliwaambia Wasigawane

Mwaka 2018, katika vijiji vya mkoa wa Mtwara, niliwashauri wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa wasivunje mzunguko wao. Niliwaambia fedha iliyomo sandukuni isigawanywe, iachwe izae mwaka wa pili. Walinisikiliza kwa sababu nilitoka benki. Baadhi yao hawakuiona tena fedha hiyo, na kwa muda mrefu nilisema na kuandika kwamba kilichoharibu mambo ni msimu wa korosho. Msimu ulikuwa mbaya kweli. Lakini aliyewasimamisha wanawake wale njiani mwa msimu huo ni mimi.

Kila mwaka nakutana na watu wanaotaka kuacha kazi za benki, za kampuni za simu au za ukaguzi wa hesabu na kuingia mashirika yasiyo ya kiserikali. Wananiuliza mshahara unashuka kiasi gani, mkataba unadumu miaka mingapi, wafadhili wanataka ripoti za namna gani. Hayo hayana maneno mengi: mshahara utashuka, mkataba utafuata umri wa mradi, na ripoti zitakula jioni zako. Hili la Mtwara sijawahi kulimaliza kwa maneno machache.

Nilikuwa idara ya mikopo ya biashara ndogo na za kati, Dar es Salaam. Kazi nilikuwa naiweza. Nilijua kusoma mzunguko wa fedha wa duka la vifaa vya ujenzi na kutambua mwenye duka anaficha nini. Nilijua mkopo gani utalipwa na upi utakuwa chechefu kabla ya rejesho la kwanza. Niliondoka kwa sababu niliona wateja wetu wote ni watu ambao tayari wana kitu, na nikaamini kabisa kwamba ujuzi wangu ungewafaa zaidi wale wasio na hati ya nyumba wala kadi ya gari ya kuweka dhamana. Hadi leo naamini hivyo. Shirika lililoniajiri lilikuwa na mradi wa vikundi vya wanawake kusini, nami nikapewa kuusimamia.

Miezi ya mwanzo nilifanya mambo mazuri, na yalisaidia. Bajeti ilikuwa haisomeki, nikainyoosha. Mafuta ya magari yalikuwa yanatoka bila kitabu cha safari, nikaweka utaratibu. Manunuzi yaliyokuwa yakifanywa kwa mazoea yakaanza kushindanishwa. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu, mfadhili akaandika barua ya pongezi. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kila nitakachokigusa kwa mkono wa benki kitanyooka.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kikundi cha aina hii anahitaji kujua kinavyokwenda. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, eneo la Maradi, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake kuboresha utaratibu waliokuwa nao wa kuchangiana. Kutoka huko ulisambaa nchi nyingi za Afrika. Wanachama huwa kati ya 15 na 30, wanaojuana. Hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia 1 hadi 5, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kijitabu chake, kiasi kwamba hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri na kujua alichoweka. Fedha hukaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Anayelala nalo nyumbani ni mweka hazina, na funguo zinashikwa na wanachama wengine watatu. Fedha hiyo hukopeshwa kwa wanachama wenyewe, kila mtu kwa kiwango kisichozidi mara tatu ya hisa zake, na tozo ya mkopo hurudi sandukuni. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa. Baada ya mwaka, au karibu na mwaka, mikopo yote hurejeshwa, sanduku humwagwa, kila mtu huchukua chake na faida yake. Sanduku hubaki tupu. Wiki inayofuata, wanaotaka kuendelea huanza upya.

Vikundi vyetu vilikuwa vikigawana mwezi wa sita au kabla yake kidogo. Mkulima wa korosho anajua kwa nini. Fedha ya minada huingia kuanzia mwezi wa kumi. Ikifika mwezi wa tano imekwisha, na hapo ndipo mikorosho inapohitaji palizi na salfa ya kupulizia ukungu unaoitwa ubwiri unga. Mgao uliwakuta wakati wa uhitaji. Tarehe ile waliipanga wao wenyewe.

Mimi nilipotazama sanduku linamwagwa kila mwaka niliona kampuni inayojifilisi kwa hiari. Kikundi kimoja cha wanawake 25, hisa shilingi 2,000, wastani wa hisa 3 kwa wiki: hiyo ni 150,000 kila wiki, 7,500,000 kwa wiki 50, bila kuhesabu tozo za mikopo. Halafu yote inagawanywa, na kikundi kinaanza tena kutoka sifuri, miezi minne ya kwanza hakina cha kukopesha cha maana. Benki ingegawa mtaji wake wote kwa wanahisa kila Juni ingekuwa wendawazimu. Nilichora hesabu hiyo kwenye bango kitita, mistari miwili, wa wanaogawana ukipanda na kuporomoka, wa wasiogawana ukipanda moja kwa moja. Msimu uliokuwa umetoka kuisha, wa 2017/18, uzalishaji wa korosho nchini ulivuka tani 300,000, na minadani bei ilikuwa imegusa hata shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walikuwa wamejenga, wamenunua pikipiki. Nikawaambia: mkiwa na mtaji mkubwa mwezi wa tisa, mtakopeshana fedha ya maana, mtu aweke vibarua shambani, afungue genge, apate faida mara mbili.

Mweka hazina wa kikundi kimoja, mama wa makamo ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniambia, "Mwanangu, sisi tukishagawana ndipo tunajua kama fedha ipo."

Nilimjibu kwamba vitabu vipo, na vitabu vinaonyesha kila kitu. Nilimjibu kwa heshima, kwa upole, na nikamfungulia leja kumwonyesha. Alinyamaza. Nilidhani ameelewa. Mwezeshaji wetu wa kijiji, kijana aliyezaliwa hapohapo, aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba kina mama wamekubali kwa sababu hawataki kunivunjia heshima. Nikamwambia mabadiliko yote huanza hivyo.

Vikundi vingi vikakubali. Vichache vilikataa, vikagawana Juni kama kawaida, nasi tukaviandika kwenye ripoti kuwa vikundi vinavyohitaji mafunzo zaidi.

Naomba nikae kidogo kwenye hesabu, maana kosa langu lilikaa humo na mimi ndiye niliyesomea hesabu. Mwanamke anayeweka shilingi 6,000 kwa wiki, mwisho wa mwaka ana hisa za 300,000. Akigawana Juni na kuanza upya, kufikia mwezi wa kumi ana hisa za kama 96,000, na mkopo wake hauwezi kuzidi 288,000. Asipogawana, mwezi huohuo wa kumi ana hisa za 396,000, na anaruhusiwa kukopa hadi 1,188,000. Mwanamke yuleyule, shamba lilelile, kijiji kilekile, na sasa anaweza kudaiwa mara nne. Na kwa kuwa sanduku haliwezi kumkopesha kila mtu mara tatu ya hisa zake kwa pamoja, wanaochukua mikopo mikubwa ni wachache wenye kuthubutu, na fedha wanayochukua ni ya wale waoga, wazee, wajane, wanaoweka bila kukopa. Kuanza kutoka sifuri kulikuwa breki. Mimi niliing'oa, nikaita ukuaji.

Mikopo mikubwa ya Agosti na Septemba ile ilikwenda wapi? Sehemu ilikwenda kwenye palizi na mitaji ya magenge kama nilivyotabiri. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kangomba. Kangomba ni kununua korosho mikononi mwa wakulima wenye shida, nje ya vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, mara nyingi kwa vipimo visivyo vya mizani na kwa bei ya chini, kisha kuipeleka ghalani kwa jina lako. Ni kinyume cha taratibu, na ni biashara ambayo kila mtu kijijini anaijua. Mwenye mkopo wa 200,000 hawezi kufanya kangomba ya kutisha. Mwenye mkopo wa milioni anaweza. Kama afisa mikopo ningeuliza fedha inakwenda wapi. Kwa kina mama sikuuliza, kwa sababu kichwani mwangu walikuwa walengwa wa mradi, na niliwaona wote kama watu wa namna moja. Hilo nalo ni kosa, na la kudharau watu: sikuwapa hata ile shaka ya heshima niliyokuwa nikimpa mteja wa benki.

Kilichofuata kimo kwenye kumbukumbu za nchi. Mwishoni mwa Oktoba 2018 minada ilifunguliwa kwa bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuikusanya. Bei ilifurahisha watu. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, kuwatenganisha wenye mashamba na wenye kangomba, na malipo ya wengi yakasogea hadi mwaka 2019. Mwenye kangomba aliyeshindwa kuonyesha shamba linalolingana na mzigo wake alikuwa matatani.

Januari watoto walirudi shule. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilikuwa imeshafutwa tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mahitaji ya bweni havikufutwa. Kina mama walikwenda kwenye sanduku kuomba, sanduku halikuwa na kitu. Lilikuwa na vijitabu vya mihuri na orodha ya wadaiwa. Nilikuwepo kwenye kikao kimoja. Watatu wenye funguo walifungua kufuli zao mmoja baada ya mwingine kama ilivyo desturi, wahesabu fedha wakamwaga noti kwenye beseni la plastiki la bluu, wakahesabu kwa sauti. Haikuchukua muda. Katibu akasoma wanaodaiwa. Mwenye deni kubwa kuliko wote alikuwa amekaa mstari wa mbele, mtoto mgongoni, ni shemeji wa mwenyekiti. Hakuna aliyemgombeza. Katika kijiji kile huwezi kumpeleka mahakamani mtu ambaye kesho utakaa naye msibani. Bibi mmoja ambaye hakuwahi kukopa hata mara moja aliuliza fedha yake yeye iko wapi. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Kila mtu alinitazama mimi.

Nikasema tusubiri malipo ya korosho.

Robo mwaka ile niliandika ripoti kwa mfadhili. Niliandika kwamba ucheleweshaji wa malipo ya korosho umeathiri marejesho katika vikundi vya mradi, na kwamba tunafuatilia. Kila neno lilikuwa kweli, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Takwimu zilikuwa mezani kwangu: vile vikundi vichache vilivyokataa ushauri wangu navyo viliathirika, wanachama wao nao walisubiri malipo ya korosho, marejesho yao nayo yalichelewa. Lakini madeni yao yalikuwa madogo, yakamalizwa polepole kwa mihogo, kwa vibarua, kwa biashara ndogondogo. Hakuna aliyepoteza akiba ya mwaka mzima, maana akiba ya mwaka mzima alikwisha kuichukua Juni, ameipeleka kwenye bati la nyumba au kwenye salfa. Sikuweka ulinganisho huo kwenye ripoti. Nilijua ungesema nini.

Nimefikiri sana kwa nini sikuuandika. Aibu ilikuwepo, na hofu ya mradi kufungwa na wenzangu kukosa kazi. Zaidi ya hayo, benki ilikuwa imenifundisha kwamba mkopo chechefu ni jambo la kawaida. Una kiwango chake, unatengewa fungu, mwaka unasonga. Benki ina mtaji wa wanahisa wa kumeza hasara, ina Benki Kuu inayoisimamia, ina Bodi ya Bima ya Amana nyuma ya mwenye akaunti. Kikundi hakina fedha ya mtu wa mbali. Kila shilingi ambayo haikurudi ni ya jirani, anajulikana jina, na mtoto wake anajulikana anasoma darasa gani. Nilibeba kutoka benki ujuzi wa kukuza mikopo, nikaacha huko vitu vyote vinavyoifanya mikopo isiue watu, na wala sikutambua kwamba nimeviacha, kwa sababu nilipokuwa benki havikuwa kazi ya idara yangu.

Mgao wa Juni ndio ulikuwa vitu hivyo vyote kwa pamoja. Ulikuwa ukaguzi wa hesabu: leja inaweza kusema lolote, lakini noti zikimwagwa kwenye beseni mbele ya watu 25, zipo au hazipo. Ulikuwa kikomo cha mikopo. Ulikuwa pia nafasi ya kumwacha mtu asiyelipa bila kumfukuza kwa matusi, kwani mzunguko mpya ukianza hakuna anayelazimika kumwandikisha. Na ulikuwa ahadi inayotimizwa kila mwaka, ambayo ndiyo inamfanya mwanamke wa pili na wa tatu athubutu kuweka. Mweka hazina yule aliniambia yote haya kwa sentensi moja, nami nikamfungulia leja.

Sasa mtu asisome hapa akadhani nasema ujuzi wa biashara hauna kazi kwenye mashirika haya. Nimekaa huku, na kila siku nautumia. Malipo ya korosho yalipoanza kufika, mimi na mwezeshaji wa kijiji tulipitia kijitabu kimoja kimoja, tukalinganisha mihuri na leja, tukajenga upya hesabu ya kila mwanachama, na bila kazi ya hesabu niliyoisomea tusingeweza. Tulipanga marejesho ya awamu, wasiokopa walipwe kwanza. Wadaiwa wengi walilipa. Wengine walilipa nusu. Wachache walihama, mmoja nasikia yuko Msumbiji. Vikundi kadhaa vilivunjika, na ndani yake kuna wanawake ambao tangu siku ile hawajaweka tena senti popote, na ninajua angalau wawili waliokwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo watu wanaiita kausha damu, kwa sababu mlango wa kikundi ulikuwa umefungwa.

Nilimwandikia mkurugenzi kwanza, kisha mfadhili. Safari hii niliweka ulinganisho: vikundi vilivyogawana upande huu, vilivyofuata ushauri wetu upande ule, na ushauri ule nikauandika kuwa ni wangu. Nilipendekeza shirika liwafidie waliopoteza. Fungu la kufanya hivyo halikuwepo kwenye bajeti, na masharti ya ruzuku hayakuruhusu. Mkurugenzi hakunifukuza. Aliniambia niende vijijini nikaseme mwenyewe.

Nilikwenda. Nilidhani ningeanza kwa hesabu, lakini niliposimama kuzungumza nilisema tu kwamba mlikuwa na utaratibu wenu, ulikuwa sahihi, mimi nikawaambia muuache, na fedha zikapotea. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mwenyekiti akauliza kama nilikuwa nimekuja na fedha. Nikasema hapana. Akauliza kama shirika litalipa. Nikasema halitalipa. Mama mmoja akainuka akaondoka, na wengine wawili wakamfuata. Waliobaki waliniuliza maswali ya kazi: mtu akifa na deni inakuwaje, aliyehama anaandikwaje, vijitabu vya zamani vitunzwe au vichomwe. Tulifanya hayo hadi jioni. Hakuna aliyeniambia nimesamehewa, na sikuomba.

Mweka hazina yule ameanzisha kikundi kingine na majirani zake. Hakimo kwenye orodha ya mradi wowote. Nilipompigia kumuuliza kama wangependa mafunzo ya utunzaji wa hesabu, alinishukuru akasema wanajiweza, ila wanahitaji mihuri mipya, ile ya zamani imefutika. Nilimtumia mihuri.